Shuka Lililolazwa

Wapo wanaosema nchi ya Uenzini haipo, na wapo wanaosema wameishi humo tangu kuzaliwa ila hawakuwahi kuambiwa jina lake. Sisi tufuatane na mtu aliyeiona. Huyo alikuwa muuguzi aitwaye Somoe, mzaliwa wa pande za Lindi, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana na ulimi usiojua kumung'unya maneno. Njia aliyopita haina haja ya kusimuliwa, kwani anayeitafuta Uenzini huwa amekwisha fika kabla hajauliza.

Alichokifuata huko ni sifa. Ilivuma kwamba hakuna nchi inayothamini ubunifu wa wauguzi kama Uenzini, na Somoe, ambaye kwao aliwahi kuambiwa na mkubwa wake kwamba muuguzi hakuajiriwa kufikiri, alitamani sana kuona mahali ambapo muuguzi anafikiri mchana kweupe wala hagombezwi.

Sifa zile hazikuwa za uongo. Juu ya lango la hospitali kuu paliandikwa kwa rangi ya dhahabu, UBUNIFU NI UHAI, na chini yake walisimama wauguzi waliovaa fulana zenye maneno hayohayo, wakamwimbia mgeni wimbo wa kusifu mawazo mapya. Wimbo wenyewe, aliambiwa, haujabadilishwa hata neno tangu enzi za mababu. Kisha alipokewa na Bwana Shomari, Mlezi Mkuu wa Mawazo, mzee nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza, aliyemshika mkono Somoe kama anayeshika yai, akamwambia kwamba kabla ya maji na kabla ya chakula lazima aoneshwe fahari ya nchi.

Fahari yenyewe ilikuwa Wodi ya Mawazo. Somoe alikuwa hajapata kuona wodi nzuri kama ile katika maisha yake. Madirisha yalikuwa makubwa, magodoro manene, vyandarua havina tundu, na sakafu inang'aa mpaka mtu anaona aibu kuikanyaga. Ila vitandani hamkuwa na watu. Katika kitanda cha kwanza, kimefunikwa shuka mpaka shingoni, kama kingekuwa na shingo, kililala kijiko kilichofungwa ugwe, alichobuni muuguzi mmoja ili mgonjwa aliyepooza vidole aweze kujilisha. Kitanda kilichofuata kilikuwa na stendi ya dripu iliyoundwa kwa fremu ya baiskeli. Mbele yake kulikuwa na kengele ya vizibo vya soda, ya kumwita muuguzi, nayo imefungwa pamba ndani isije ikajisumbua kwa kulia. Kila kitanda kilikuwa na bakuli la uji pembeni. Uji huo ulikuwa ukinywewa na wahudumu, na jioni huandikwa kwamba wazo limekula vizuri.

Bwana Shomari alimweleza sheria kwa upole. Wazo jipya ni kichanga, alisema, na kichanga hakitolewi nje hovyo, kisije kikapata upepo mbaya. Kwa hiyo muuguzi yeyote akibuni kitu, kitu hicho hulazwa siku ileile. Matabibu wa Mawazo hukipitia kila asubuhi, hukisikiliza kwa vipimo, na hukiandikia maendeleo. Aliyekibuni huitwa mama wa wazo, hupigiwa makofi na kukatiwa keki, na huruhusiwa kuja kukitazama saa za wageni.

Somoe aliuliza ni lini mawazo huruhusiwa kutoka. Yakikomaa, akajibiwa. Akauliza ni lini la mwisho lilikomaa. Bwana Shomari akatazama dirishani kwa muda, kama mtu aliyeulizwa umri wa mama mkwe wake.

"Bi Somoe," akasema, "sisi tunayapenda mawazo mno. Tutayaachaje yakafanye kazi?"

Mgeni hana neno siku ya kwanza. Somoe akameza aliyokuwa nayo, akaomba kuoneshwa wagonjwa.

Wagonjwa walikuwa nyuma ya jengo, katika wodi ambayo hata wimbo haukufika. Huko watu walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule, na mlangoni palibandikwa sheria iliyosomeka vizuri: Kitanda ni cha wawili, aliyetangulia asimkatae anayefuata. Waenzi waliitukuza sheria hiyo kama alama ya utu wao. Somoe aliisoma, akapita. Alipangiwa kufanya kazi na muuguzi wa pale aitwaye Siwema, msichana mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kutazama nyuma kabla ya kusema jambo.

Hapo ndipo Somoe alipokutana na Mzee Kitwana. Alikuwa mwoka mikate, pande la mtu, aliyeteleza juu ya paa la tanuri lake akaanguka na kufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Tangu aletwe alikuwa amelala chali. Somoe hakuhitaji kumfunua. Mwenye pua ya kazi ile huijua harufu ya kidonda cha kulalia akiwa bado mlangoni. Alipomwinua upande kidogo kwa msaada wa Siwema aliona kidonda mgongoni, juu ya makalio, cheusi katikati na chenye unyevunyevu pembeni, kimeanza kuchimba kuelekea mfupani. Kikiufikia, basi, mwoka mikate atakuwa wa kuzikwa.

Alimuuliza Siwema kwa nini mzee hageuzwi. Siwema akatazama nyuma kwanza. Akaeleza kwamba mtu mwenye mwili kama ule, kwa desturi yao, hugeuzwa na wauguzi wanne, na wodi ina wawili. Wanne wakipatikana, hugeuzwa.

"Na hao wengine wako wapi?"

"Wodi ya Mawazo," Siwema akasema.

Mzee Kitwana alikuwa akiwasikiliza. Alikuwa na uso mpana, mcheshi, ambao maradhi hayakuwahi kuuzoea. "Mimi sikisikii hicho kidonda, wanangu," akasema. "Nakisoma kwenye nyuso zenu. Leo mgeni ndiye amenisomea vizuri."

Neno lile lilimkaa Somoe rohoni. Jioni ile hakwenda kwenye karamu aliyoandaliwa. Alichukua kitambaa kigumu cha marekani, akakipima kwa mikono yake, akakikunja mara mbili, na pembezoni akashonea vishikio vya ukanda wa gunia, mabegani, kiunoni na magotini. Wazo lake halikuwa la ajabu. Mgonjwa akitandikiwa shuka lile chini yake, muuguzi mmoja ataweza kusimama upande mmoja wa kitanda, kuegemeza goti, kushika vile vishikio vya upande wa pili na kuvuta kwa uzito wa mwili wake wote, na mgonjwa atageuka. Siwema alimsaidia kushona. Walipomaliza, Siwema alimshika mwenzake mkono akamwomba jambo moja tu, kwamba alifiche shuka lile.

Hapa Somoe alikosea, na kosa lilikuwa la mgeni. Asubuhi kwenye kikao cha wauguzi, kwa furaha ya mtu aliyezoea kugombezwa, alisimama akawaonesha shuka. Kabla hajafika nusu ya maelezo wote walikuwa wamesimama. Wimbo ukaimbwa. Keki ikaletwa, nayo ilikuwa tayari, maana Waenzi hawakosi keki ya akiba. Bwana Shomari akafuta machozi ya kweli kabisa. Kisha wahudumu wakaja na machela, wakalilaza shuka juu yake, wakalifunika, wakaondoka nalo taratibu wasilitingishe.

Siwema hakumlaumu. Alirudi wodini kumfuta mzee usaha.

Somoe alikwenda Wodi ya Mawazo saa za wageni, na aliyoyaona huko yalimfanya aketi chini. Shuka lilikuwa limelazwa kitanda cha dirishani. Wauguzi wanne walilizunguka. Kwa hesabu ya pamoja na kwa uangalifu mkubwa, walilinyanyua, wakaligeuza upande wa pili, wakalilaza tena. Akauliza wanafanya nini. Mmoja akamjibu kwa fahari kwamba Baraza la Walezi limekaa, likajadili kwa kirefu kama shuka lilale chali au kifudifudi, na mjumbe mmoja mwenye huruma akahofia kwamba likilala upande mmoja siku nzima litatoka kidonda. Ndiyo maana wamepangwa wao wanne, kuligeuza asubuhi, mchana na jioni.

Somoe alicheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, akafuta macho kwa upindo wa kanga. Hasira aliyoisikia ilikuwa ya kimya, ile inayomtuma mtu kufunga kibwebwe.

Alianza na njia ya adabu. Alikwenda barazani akaomba shuka liruhusiwe. Walezi walimsikiliza vizuri, wakamkaribisha chai, wakajadiliana mbele yake. Mmoja alisema shuka ni changa mno. Mwingine akasema homa yake iko juu, kwa kuwa mawazo ya wauguzi huwa na joto kuliko ya madaktari. Wa tatu, aliyekuwa na sifa ya kuona mbali, aliuliza: likitoka, likamgeuza mgonjwa, kisha likachanika, nani ataibeba aibu ya shuka? Somoe akasema kuna mtu anaoza. Wakainamisha vichwa kwa masikitiko, wakaamua kumwombea mtu huyo apate wauguzi wanne.

Akashona shuka la pili. Likagunduliwa kabla halijafika kitandani, likatangazwa kuwa pacha, likaenda kulazwa karibu na ndugu yake. Keki ikakatwa tena. Na kidonda cha Mzee Kitwana kilizidi kwenda chini, na mzee alianza kupata homa za jioni na kuwasimulia wauguzi jinsi unga unavyoumuka, akirudia palepale alipoanzia.

Siku moja mchana Somoe alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, anasubiri maji ya kuoshea kidonda, hana anachokifanya ila kutazama ukuta. Mbele ya macho yake ilikuwa ile sheria. Aliisoma kama alivyoisoma siku zote. Kisha akaisoma upya, polepole, akamwita Siwema.

"Sheria hii iko wodi hii tu?"

"Iko milango yote," Siwema akasema. "Hata Wodi ya Mawazo. Ila kule hakujawahi kuwa na anayefuata."

Wakatazamana. Siwema, kwa mara ya kwanza, hakugeuka kutazama nyuma.

Walifanya jambo lao saa za wageni, watu wamejaa, jua linawaka. Wakisaidiwa na wageni wa wodini, walimweka Mzee Kitwana kwenye toroli, jasho likiwatoka, wakamsukuma katikati ya ua, wakapita chini ya maandishi ya dhahabu, wakaingia Wodi ya Mawazo na magurudumu yakilia juu ya ile sakafu inayong'aa. Wahudumu waliacha mabakuli ya uji. Bwana Shomari alikuja mbiombio, hofu imemjaa usoni, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyependa vibaya.

"Bi Somoe, hapa mnaleta nini?"

"Mgonjwa, Bwana Mlezi. Wodi yetu imejaa. Nimeona kitanda hiki kina mmoja."

"Mwenye kitanda ni shuka."

"Basi lisogee. Kitanda ni cha wawili, aliyetangulia asimkatae anayefuata. Au shuka limekataa?"

Bwana Shomari aligeuka akautazama mlango. Sheria ile ilitungwa na babu yake mzaa baba, na alikuwa akiisoma kwa sauti kila sikukuu. Alilitazama shuka kama anayesubiri lijitetee, lakini shuka lilikuwa na adabu kuliko watu wengi, likanyamaza. Wale wauguzi wanne, ambao kwa mara ya kwanza walipewa mtu, wakasaidia bila kuambiwa. Mzee akalazwa juu ya shuka.

Somoe akawaomba wasogee. Aliegemeza goti kwenye kitanda, akavishika vishikio vya upande wa pili, akavuta. Mzee Kitwana akaanza kugeuka. Alipofika nusu, kishikio cha begani kilikwanyuka kwa sauti iliyosikika wodi nzima, na mzee akarudi chali kwa kishindo.

Bwana Shomari alishika kifua. "Mnaona," akasema, na sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. "Limeumia. Tuliwaambia ni changa."

Somoe alikuwa akihema. Alikitazama kile kishikio, akakigeuza, akaiona mishono yake mwenyewe ilivyokaa mstari mmoja mahali palipotaka mistari mitatu. Alitamani ardhi immeze, kisha akaona hana nafasi ya kumezwa.

"Hapa lilikaa siku zote hizi, mkaligeuza wanne wanne, na hakuna aliyejua kwamba bega lake ni bovu," akasema. "Limefanya kazi mara moja, limetuambia. Siwema, nipe sindano."

Akashona palepale, amepiga magoti kando ya kitanda, mbele ya Walezi, wahudumu na wageni wenye vikapu. Alishona mkanda mmoja uliopita chini ya kitambaa chote, kutoka bega hadi bega. Hakuna aliyemzuia. Pengine walidhani ni matibabu. Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akasimama, akashika, akavuta. Mzee Kitwana, pande lile la mtu, akageuka mzima mzima akalala ubavu, na Siwema akaweka mto mgongoni kumzuia. Kidonda kikapata hewa.

Somoe akaogopa kuwa amemuumiza mzee. Akazunguka upande wa uso wake. Alikuwa akilia, machozi yanapita juu ya pua kwenda godoroni.

"Kumbe pana dirisha," akasema. "Tangu nije nimekuwa nikitazama dari. Dari si kitu cha kumtazamisha mtu, mwanangu."

Kati ya wageni waliokuja siku ile kutazama mawazo alikuwapo Bi Mgeni, muuguzi mzee aliyekaribia kustaafu, mama wa kile kijiko chenye ugwe. Alikibuni akiwa mwari, na tangu hapo alikuwa akikiletea uji. Aliweka kikapu chini, akatoka bila kumuaga mtu. Aliporudi alikuwa amemkokota mwanamke aliyepooza mkono, akamketisha kwenye kitanda cha kijiko, akakifungua kile kijiko kwenye mashuka, akamfungia kidoleni. Uji ulikuwapo tayari. Yule mwanamke akajilisha, nusu ukamwagika kifuani, na Bi Mgeni akasema kwa sauti ya mtu aliyeikasirikia miaka yake mwenyewe kwamba ugwe ni mrefu, lazima ufupishwe.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Mama wa kengele alileta mgonjwa wake, akachomoa pamba, na kengele ikalia vibaya sana, ikabidi vizibo vipunguzwe. Stendi ya baiskeli ilipinda, ikanyooshwa. Hadi jua linazama ile wodi nzuri ilikuwa imejaa watu, kelele, harufu na kazi, na sakafu yake ilikuwa imechafuka kama sakafu ya hospitali.

Baraza la Walezi lilikutana siku nyingi. Kuwatoa wagonjwa lisingeweza, kwa sababu ya sheria. Kukubali kwamba mawazo yamefanya kazi kabla ya kukomaa lisingeweza, kwa sababu ya heshima. Mwishowe yule mjumbe anayeona mbali alipata njia: shuka limekwisha tumika, na kitu kilichotumika si kipya, na kisicho kipya si wazo, ni desturi. Kwa hiyo shuka limepona. Ikaamriwa liruhusiwe kwa shangwe, mashuka ya namna hiyo yashonwe kwa wodi zote, na kwa kuwa sasa ni desturi tukufu ya Waenzi, mtu yeyote asithubutu kuliongeza wala kulipunguza mshono hata mmoja mpaka kiama.

Siku ya kutangazwa amri hiyo ilikuwa pia siku ya Somoe kuondoka. Nje, chini ya lango, wimbo ulikuwa ukiimbwa, na sauti ya Bwana Shomari ilisikika ikiisoma amri kipengele kwa kipengele. Somoe aliingia wodini kuaga. Kidonda cha Mzee Kitwana kilikuwa kimeanza kujaa nyama nyekundu kutoka chini, kidogo kidogo, kama inavyotakiwa. Homa zilimwacha. Alikuwa akibishana na jirani yake kuhusu hamira, na alipomwona Somoe alilalamika, kama mtu anayepona anavyolalamika, kwamba kishikio cha kiunoni kinamchuna akigeuzwa.

Siwema alikuwa amekwisha inama. Alikipapasa kile kishikio, akakubali kwamba kimekaa karibu mno na mfupa wa nyonga, akatoa mkasi mfukoni. Nje, Mlezi Mkuu alifikia yale maneno ya mshono hata mmoja, na watu wakapiga makofi.

"Wakiona je?" Somoe akauliza.

Siwema alikata kishikio, akakisogeza chini kidogo, akakipima kwa kidole.

"Watalilaza," akasema. "Na sisi tutamlaza mzee juu yake. Nipe uzi, dada, kabla hujaenda."